Muulize Mjomba: Muziki wa mistari 64

Toleo lililopita kuna msomaji aliyeuliza kama kompyuta za zamani zilikuwa na faida yoyote zaidi ya kuchapia barua. Katika kumjibu nilipitisha nusu mstari tu: kwamba mwishoni mwa miaka ya 1980, hapahapa Mtwara, nilimwona Mfini wa mradi wa maji akitunga muziki kwa kompyuta ya nyumbani, bila kinanda wala gitaa, kwa kuchapa herufi na namba. Nusu mstari huo umeleta barua nyingi kuliko yote niliyowahi kuandika kuhusu redio na sola. Basi mwezi huu sanduku lote ni la muziki wa traka, yaani programu za kutungia muziki kwa njia hiyo. Mliouliza habari za inveta mnivumilie.

Shikamoo Mjomba. Nimepakua wimbo ambao jina la faili lake linaishia na .mod. Una kilobaiti 96 tu lakini unapiga dakika 4, na ngoma, besi na vinanda vyote vimo. Wimbo wa MP3 wa urefu huohuo unakula karibu megabaiti 4 kwenye simu yangu. Rafiki yangu anasema hili la .mod linavuta sauti kutoka intaneti, lakini nimezima data na bado linapiga. Sauti zimejificha wapi? Nimekutumia faili ulione. (Mwanafunzi, Masasi)

Marahaba mpwa wangu. Rafiki yako mwambie apumzike. MP3 ni rekodi: kila sekunde ya wimbo imehifadhiwa, iwe na kishindo cha ngoma au iwe kimya. Kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, dakika 4 zinafika megabaiti 3.8, upende usipende. Faili la .mod halina rekodi ya wimbo hata kidogo. Limebeba sampuli, yaani vipande vifupi vya sauti (pigo moja la ngoma, mkwaruzo mmoja wa gitaa, "aa" moja ya mwimbaji), pamoja na maagizo ya lini kila kipande kipigwe, kwa noti gani na kwa nguvu kiasi gani. Kila ukibonyeza kitufe cha kupiga, kompyuta inaupiga wimbo upya mwanzo hadi mwisho.

Faili lako nimelifungua. Lina patani 22. Patani ni jedwali la mistari 64 na chaneli 4 (safu za sauti zinazopigwa kwa pamoja), na kila kijumba cha jedwali kinachukua baiti 4. Humo mna noti, namba ya sampuli na amri moja. Piga hesabu: 64 mara 4 mara 4 ni 1,024. Patani moja ni kilobaiti 1 kamili, kwa hiyo maagizo yote ya wimbo wako ni kilobaiti 22. Kichwa cha faili, chenye jina la wimbo, majina ya sampuli na orodha ya patani ipi itangulie na ipi ifuate, ni baiti 1,084. Zilizobaki, kama kilobaiti 73 hivi, ndizo sauti zote unazosikia. Na kiitikio kinachorudi kila baada ya ubeti kimeandikwa mara moja tu. Orodha ndiyo inayokiita tena.

Kilichonifurahisha zaidi ni sampuli yako ya 3. Ni besi, na haifiki baiti 2,000. Mtunzi ameukata mlio pale unapotulia, akaweka alama za kurudia kwenye kipande kidogo cha mwishoni, na sasa besi hiyo inaweza kuvuma muda wowote anaotaka kwa nafasi ambayo barua yako hii, ikichapwa, ingeijaza robo hivi. Sikiliza kwa makini pale inapoanza kujirudia: hakuna kijimlio cha "tik". Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa na sikio lake usiku kucha.

Mjomba, salaam. Hapa kwenye kahawa, Lindi mjini, kuna ubishi. Mimi nasema muziki huu waliuanzisha Wafini, kwa sababu uliyemwona wewe alikuwa Mfini. Mwenzangu anasema ni Wamarekani. Atakayeshindwa atalipa. (Mpenda kahawa, Lindi)

Lipeni wote wawili. Ni Mjerumani, Karsten Obarski, mwaka 1987, kwa programu aliyoiita Ultimate Soundtracker. Mashine yake ndiyo ilikuwa ya Kimarekani, Commodore Amiga, kwa hiyo mwenzako arudishiwe angalau kashata. Programu ile haikupata soko kubwa, lakini wajuzi waliifumua, wakarekebisha, wakasambaza matoleo yao bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 1989 Waswidi wawili, Pex Tufvesson na Anders Berkeman, wanaojulikana zaidi kama Mahoney na Kaktus, walitoa NoiseTracker. Mwaka 1990 ikaja ProTracker. Ya Obarski ilichukua sampuli 15. Hizi zilizofuata zikachukua 31, na faili la .mod la kawaida unaloliona leo bado lina nafasi hizo 31.

Hata Obarski hakuanza kwenye jangwa. Kwenye Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyoitangulia Amiga, watunzi kama Rob Hubbard walikuwa wakiandika muziki wa michezo kwa lugha ya mashine yenyewe, namba tupu. Mwaka 1986 Mjerumani mwingine, Chris Hülsbeck, alitoa Soundmonitor, programu iliyomwezesha mtu kutunga bila kuwa mwandishi wa programu. Wafini sifa yao ipo, ila ilikuja baadaye kidogo, kwenye PC: kundi la Future Crew ndilo lililotoa Scream Tracker, na toleo la 3 la mwaka 1994 lilikuwa na chaneli hadi 32. Mwaka huohuo Waswidi wakatoa FastTracker 2. Mwaka 1995 akaja Jeffrey Lim wa Australia na Impulse Tracker. Marekani hapo siioni.

Huyo Mfini wangu, maana wengi mmemuuliza, alikuwa injinia wa visima katika mradi wa maji wa Mtwara na Lindi ambao Finland iliufadhili. Mimi nilikuwa kijana wa karakana, natengeneza pampu na mota, na kwake Shangani nilikwenda kuangalia waya za nyumba. Juu ya meza alikuwa na Amiga 500 imeungwa kwenye televisheni. Kwenye kioo kulikuwa na safu nne za herufi na namba zinapanda juu kama mchwa, na kila mstari ukipita katikati, sauti inatoka. Kibodi ya kuchapia ndiyo ilikuwa kinanda chake: Z ni do, S ni nusu sauti juu yake, X ni re, na kuendelea hivyo, mstari wa Q ulikuwa oktavu ya juu. Flopi (diski ya kuhifadhia kazi) ikiwa haimo, mashine ilikuwa inagonga "tak, tak" bila kuchoka, ikiitafuta. Umeme wetu wakati ule ulikuwa wa jenereta za dizeli na ulikuwa na tabia zake, kwa hiyo jamaa alikuwa kila akiandika mistari michache anahifadhi kwenye flopi. Hiyo ndiyo tabia ya kwanza niliyojifunza kwake, na mpaka leo siandiki kitu nikaacha kukihifadhi.

Jambo moja dogo kabla sijaendelea. Programu ya Obarski ilisambaa pamoja na flopi ya sampuli iliyoitwa ST-01. Watu wengi hawakuwa na kifaa cha kurekodia sauti zao, wakatumia hizohizo. Ndiyo maana nyimbo nyingi za enzi zile zinasikika kama watoto wa mama mmoja: ni besi ileile na vinanda vilevile. Tunaorekodi ngoma zetu wenyewe kwa simu hatuna sababu ya kuazima.

Mjomba, kwa nini nikivaa hedifoni ngoma yote iko sikio la kushoto na kinanda chote kulia? Nimebadilisha hedifoni, bado. (Ligula, Mtwara)

Rudisha hedifoni dukani kama risiti bado unayo. Chipu ya sauti ya Amiga, iitwayo Paula, ilikuwa na chaneli nne za biti 8: ya 1 na ya 4 zinatoka kushoto tu, ya 2 na ya 3 kulia tu. Ni kama wapiga ngoma wawili wamekaa ukuta huu na wawili ukuta ule, katikati hakuna mtu. Waliokuwa na televisheni ya spika moja hawakuona shida yoyote, na kwenye spika mbili za sebuleni sauti huchanganyika hewani. Hedifoni ndizo zinazoumbua. Kwenye programu ya kupigia tafuta mahali pa kupunguza utengano wa sterio, ushushe mpaka theluthi hivi. Ukiushusha hadi sifuri muziki unasinyaa.

Shikamoo Mjomba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Newala. Wazee wa kijijini waliniruhusu kurekodi ngoma yao kwa simu, nikakata pigo mojamoja na kuyaweka kwenye traka iitwayo MilkyTracker. Ngoma yetu inakwenda tatu-tatu. Mwanzo inakaa vizuri, lakini patani ikifika mwisho na kurudi, mdundo unajikwaa. Tena mashine inasema mwendo ni 125, ila nikihesabu kwa saa mapigo si 125. Na kubwa zaidi: kila kitu kiko mahali pake, lakini hakichezeki. Mke wangu amesikiliza akasema inafanana na saa ya ukutani. (Mwalimu, Newala)

Marahaba mwalimu, na shemeji apewe salamu zangu, sikio lake liko sawa. Barua yako ndiyo niliyokaa nayo kuliko zote, na rekodi uliyoambatanisha nimeisikiliza mpaka jirani akauliza kama tuna shughuli.

Tuanze na kujikwaa. Patani ina mistari 64, na waliopanga hivyo walikuwa na muziki wa kwao akilini, unaogawanyika nne-nne. Mzunguko wa ngoma yenu ni mapigo 12. Kwenye mistari 64 mizunguko mitano inaingia, inabaki mistari 4 haina kazi. Patani inaipita hiyo nayo kabla ya kurudi mwanzo, na hapo ndipo mchezaji anapokosa mguu. Dawa ni kuifupisha patani iwe mistari 48, yaani mizunguko minne kamili. Kwenye MilkyTracker ukihifadhi kama .xm unabadilisha tu urefu wa patani. Ukitaka .mod ya kweli, ambayo urefu wake haubadiliki, weka amri ya D00 kwenye mstari wa 47. Maana yake: hapa patani imekwisha, nenda inayofuata. Angalia tu namba za mistari zimeandikwaje. Mistari inaanza kuhesabiwa 00, na programu nyingine zinahesabu kwa kumi na sita badala ya kumi, hivyo 47 utauona umeandikwa 2F.

Mwendo sasa. Hiyo 125 mashine inaisema kwa imani kwamba pigo moja la mguu ni mistari minne na kwamba spidi ni 6. Spidi ni idadi ya tiki katika mstari mmoja, na mwendo ukiwa 125 kila tiki ni sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Spidi 6 inakupa mstari wa sekunde 0.12. Kwako pigo la mguu ni mistari mitatu, yaani sekunde 0.36, ambayo ni kama mapigo 167 kwa dakika. Saa yako haikukosea. Nimepima rekodi ya wazee, wao wanakwenda karibu na 200. Basi weka F05 kwenye mstari wa kwanza: spidi 5, mstari ni sekunde 0.1, mguu sekunde 0.3, na hapo umewapata.

Tuje kwenye saa ya ukutani. Katika rekodi yako ngoma ndogo ya fimbo inapiga mstari wa 00, 02, 04, 05, 07, 09 na 11, kisha inaanza tena 12. Hiyo usiiguse, iache inyooke, maana ndiyo wote wanaoitazama. Lakini msikilize mzee wa ngoma kubwa. Yeye haangukii kwenye mstari. Anapiga baada yake kidogo, anavuta kama hataki, halafu kwenye mzunguko wa nne anawahi. Wewe umemweka juu ya mstari kabisa, ukamnyoosha. Traka ina amri ya kumchelewesha: ED na namba ya tiki. ED1 ni kuchelewa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, ED2 ni mbili. Kwa spidi yako usizidi ED4, ukifika 5 pigo halitasikika kabisa. Mpe ED2 kwenye mapigo mengi, ED1 hapa na pale, na kwenye mzunguko wa nne muweke kwenye mstari unaotangulia wake kwa ED3, ili awahi kwa kiasi kidogo. Usimpe namba ileile kila mara. Mtu hachelewi sawasawa kila siku.

Kuna na nguvu ya mkono. Umeandika kila pigo kwa sauti moja. Amri C inapanga sauti, kuanzia C00 ya kimya mpaka C40 ya mwisho. (Wengi mmeuliza mbona inaishia 40 na si 100. Ni kwa sababu hiyo 40 ni ya hesabu ya kumi na sita, kwa hesabu yetu ni 64, na Paula ilikuwa na ngazi hizo.) Katika yale mapigo saba ya ngoma ndogo, mawili tu yapewe C40. Mengine yatembee kati ya C18 na C2C. Pigo la 05 lifinye kabisa, maana kwenye rekodi linasikika kama kucha.

Kuhusu kurekodi: najua huko ngozi zinakazwa kwa moto kabla ya kupigwa. Nenda na simu yako dakika ileile wanapozitoa motoni, chukua mapigo yote ya ngoma moja kwa mkupuo, kisha hamia nyingine. Nasikia kwenye sampuli zako ngoma kubwa ina sauti mbili tofauti. Ya pili ulirekodi ngozi imeshapoa na kulegea. Chukua pia pigo la katikati, la ukingoni, na lile la kiganja kinachobaki juu ya ngozi kuizima. Hayo matatu yote yapange kwenye chaneli moja, kwa sababu chaneli ikipokea sampuli mpya huikata iliyokuwa ikilia, na hivyo ndivyo ngozi yenyewe inavyofanya. Ukiyatawanya kwenye chaneli tatu utakuwa na mzee mmoja mwenye ngoma tatu.

Nimekurudishia faili lenye patani moja niliyoirekebisha. Mpigie shemeji kwanza, usimwambie ni ya nani.

Ndugu mwandishi, mimi ni mtu mzima wa rika lako. Vijana wanarekodi kila kitu. Ngoma za jandoni na unyagoni, na za midimu (vinyago), nazo ziingizwe kwenye kompyuta? (Mzee, wilaya ya Newala)

Mzee mwenzangu, zisiingizwe. Ngoma ya sherehe inayochezwa uwanjani mbele ya kila mtu ni jambo moja. Ya ndani ni jambo jingine, na anayeruhusu ni wenyewe, si mwenye simu. Hata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua sanaa za jadi kama mali inayolindwa, ila huku kwetu mjomba wa ukoo anatosha kabla ya kufika kwenye sheria. Mwalimu wa hapo juu aliomba. Nawataka na wengine waombe.

Mambo vipi Mjomba! Hiyo traka inaweza singeli? Nimekata kipande cha taarabu nakirudiarudia. (Kijana wa Chikongola)

Shikamoo haikukaa kwenye bando, naona. Inaweza, tena kwa raha. Acha mwendo 125, weka F03. Mistari minne kwa pigo itakupa 250 kwa dakika. Ukiona wachezaji wanazimia, ongeza amri ya F6E kwenye chaneli ya pembeni; hiyo inashusha mwendo kuwa 110, na kwa spidi 3 unapata 220. Kwenye amri ya F, namba zisizozidi 1F ni spidi, kuanzia 20 hadi FF ni mwendo, usizichanganye.

Kipande cha taarabu ulichokata usikirudie chote kila mara. Jaribu amri ya 9: 910 inaanza kupiga sampuli baada ya kuruka baiti 4,096 za mwanzo, 920 inaruka mara mbili ya hapo. Sampuli ya biti 8 ikipigwa kwenye noti ya C-2 kwenye Amiga za Ulaya inasomwa takriban baiti 8,287 kwa sekunde, kwa hiyo 910 ni kama kuruka nusu sekunde. Kwa sampuli moja na amri hiyo unaikatakata sauti ya mwimbaji mpaka mwenyewe asijitambue. Ukipanda oktavu moja inakimbia mara mbili na kuwa nyembamba, na hiyo nadhani ndiyo unayoitaka. E92 juu ya ngoma inarudia pigo kila tiki mbili. Tumia kwa kiasi, tuna wazee mtaani.

Shikamoo Mjomba. Marehemu baba alikuwa baharia, ameacha Commodore 64 ndani ya boksi lake na adapta. Tuko Mikindani, karibu kabisa na bahari. Niichomeke? (Binti, Mikindani)

Marahaba mwanangu, pole kwa msiba. Usiichomeke! Adapta ile ndiyo adui. Zikizeeka, upande wa volti 5 hupanda juu, na volti hizo zinakwenda moja kwa moja kwenye chipu na kuziunguza, huku kwa nje adapta inaonekana nzima. Mpelekee fundi mwenye mita apime kabla haijagusa mashine: atafute volti 5 za DC na 9 za AC. Ikizidi 5.2 itupe, kuna mafundi wanaounda mpya. Kisha afungue kifuniko atazame kutu. Hewa ya chumvi ya huko naijua, inakula miguu ya chipu kimyakimya. Asifute kwa kitambaa cha maji. Spiriti na brashi laini.

Ikiwaka, utakuwa na chipu ya SID ya mwaka 1982, kazi ya Bob Yannes. Hiyo ina sauti tatu tu, na haipigi sampuli kama Amiga. Inaunda mlio yenyewe papo hapo. Mtunzi mwenye sauti tatu anayetaka kodi, yaani noti tatu zinazolia pamoja, hawezi kuzimaliza zote kwenye kodi moja, kwa hiyo huipa sauti moja kazi ya kuzizungukia noti hizo upesi mno, na sikio linazisikia pamoja. Ule mlio wa kububujika unaousikia kwenye michezo ya zamani ndio huo. Traka nazo wakaurithi: amri ya 047 inakupa kodi ya furaha, 037 ya huzuni, kwenye chaneli moja.

Mjomba, msimu wa korosho ukifunguka nataka kununua kompyuta ya kutungia. Ninunue ya zamani au mpya? (Tandahimba)

Usinunue Amiga. Utalipa usafirishaji kuliko mashine, na flopi za zamani kwa unyevu wetu huota ukungu. Laptopu yoyote iliyotumika, hata ya RAM ya gigabaiti 2, inatosha na kubaki. MilkyTracker ni ya bure na inafuata mtindo wa FastTracker 2. OpenMPT nayo ni ya bure, ni ya Windows, na kwa maoni yangu ndiyo bora kwa anayeanza kwa sababu inafungua karibu kila kitu na inakuonyesha kila kitu. SunVox inaingia hata kwenye simu ya Android, ila kioo cha simu na vidole vya mbebaji gunia la korosho havipatani. Pesa itakayobaki nunua hedifoni nzuri, na usinunue kabla mnada haujalipa. Mimi ushauri wangu wa fedha unaishia hapo.

Kimoja tu ningekuomba. Anza na chaneli nne, hata kama programu inakupa 32. Mwenye 32 anajaza. Mwenye nne analazimika kuamua, pale mwimbaji anapoingia, nani anyamaze kumpisha: besi au kinanda. Nimesikiliza nyimbo nyingi mlizonitumia mwezi huu, na zile za chaneli nne ndizo nilizozirudia.

Mjomba, nimetunga wimbo wangu wa kwanza, ninaurekodi kwa simu nikutumie WhatsApp ya gazeti? (Nachingwea)

Hapana. Tuma faili lenyewe, .mod au .xm. Rekodi ya simu itanipa sauti ya chumba chako na jogoo wa jirani. Faili litanionyesha mstari kwa mstari ulichofanya, na nitaweza kukujibu kama nilivyomjibu mwalimu. Kwenye .mod kila sampuli ina nafasi ya jina ya herufi 22, na nafasi zenyewe ni 31. Watunzi wa zamani walizitumia kuandikia salamu kwa marafiki. Wewe andika humo jina lako, kijiji, na nani alipiga ngoma uliyorekodi.